Namna ya Kushindwa kwa Heshima Ukipima Sauti Bidbid

Umepewa kazi Bidbid, Oman. Jenereta ya dizeli imefungwa katika chumba cha matofali ya saruji, majirani wanalalamika, na mwenye mashine anataka karatasi yenye nambari. Mkononi una kipimio cha intensiti ya sauti, kile chenye maikrofoni mbili zinazotazamana, na moyoni unataka kuwa Maskati kabla ya magharibi. Njoo karibu, sheikh wangu, nikwambie jambo kabla hujafungua sanduku. Kuna sehemu ya kazi hii itakushinda. Ni ile sauti nzito, kuanzia hezi 100 kushuka chini. Wakubwa wa fani imewashinda kabla yako, na itawashinda watakaokuja. Kilichobaki ni kuamua kama utashindwa kwa heshima au utashindwa kisha ugundulike.

Nachukulia kwamba wewe ni binadamu kama sisi. Unapenda nambari nzuri yenye nukta, jedwali lisilo na pengo, na mteja anayetikisa kichwa kwa kuridhika. Sikulaumu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako.

Kwanza, mjue adui

Kipimio chako hakisikii intensiti. Kinasikia shinikizo la sauti katika sehemu mbili zilizo karibu, kisha kinatazama fezi, yaani wimbi limechelewa kiasi gani kufika kwenye maikrofoni ya pili baada ya kupita ya kwanza. Kutokana na uchelewaji huo kinakokotoa nishati inaelekea upande gani na kwa wingi gani.

Shida ni kwamba uchelewaji wenyewe ni mdogo mno. Tenganisha maikrofoni kwa milimita 12, chukua sauti ya hezi 63, na kasi ya sauti iwe mita 343 kwa sekunde. Tofauti ya fezi ni digrii 0.79 katika mzunguko wa digrii 360. Hata digrii moja haifiki. Na hapo nimekupa hali ya neema: sauti inasafiri moja kwa moja, hakuna ukuta wa kuirudisha.

Sasa tazama maikrofoni zako. Kila moja ina kitundu chembamba cha kusawazisha hewa ya nyuma ya kiwambo. Hakuna vitundu viwili vinavyolingana kabisa, na kwenye sauti nzito tofauti hiyo ndogo inatosha kuifanya maikrofoni moja ichelewe kuliko mwenzake hata kama zote mbili zimesikia kitu kile kile wakati ule ule. Jozi iliyochaguliwa kwa uangalifu inaweza kutofautiana kwa digrii 0.05. Jozi iliyochoka, au iliyoingia vumbi, ikifika digrii 0.3 usishangae. Linganisha 0.3 na ile 0.79 unayoitafuta, utaona mara moja kwa nini nimekwambia itakushinda.

Si wewe wa kwanza. Mmarekani Harry Olson alipata hataza ya kifaa cha kupima mtiririko wa nishati ya sauti mwaka 1932. Wazo lilikuwa sahihi, lakini ilibidi lingoje miaka zaidi ya 40, hadi mashine za kukokotoa zilipoweza kulinganisha ishara mbili kwa usahihi unaotakiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Frank Fahy huko Uingereza na J. Y. Chung huko Marekani ndio walioonyesha namna ya kulifanya liwe kazi ya kila siku. Chung tutamrudia, maana ametuachia njia ya mkato.

Pili, usivunje jozi

Hili ni fupi. Maikrofoni hizi huuzwa mbili mbili, zimepimwa pamoja na nambari zake zimeandikwa pamoja. Moja ikianguka na kuharibika, utashawishika kuazima nyingine ya aina ile ile kutoka kabati la ofisi. Skrini itawaka, mishale itacheza, na hakuna taa nyekundu itakayokuonya. Umeshapoteza jozi. Afadhali urudi na aibu ya kifaa kibovu kuliko na matokeo ya maikrofoni mbili zisizojuana.

Tatu, chagua kitenganishi bila tamaa

Katika sanduku kuna vipande vya kutenganisha maikrofoni: mara nyingi milimita 6, 12, 25 na 50. Mtu mwenye haraka huchukua cha 12 na kukiacha hapo siku nzima, kwa sababu kinafika hezi 5,000 bila kupoteza zaidi ya desibeli moja, na mzunguko mmoja unajaza jedwali zima. Tamaa hiyo ndiyo mlango wa kwanza wa aibu.

Kwa sauti nzito weka cha milimita 50. Ile digrii 0.79 ya hezi 63 inakuwa 3.3, na kosa la maikrofoni linabaki pale pale lilipokuwa. Umepata unafuu zaidi ya mara nne kwa kubadilisha kipande cha plastiki. Lakini usikipende kupita kiasi. Kuanzia hezi 1,250 kinaanza kukupunja kwa desibeli moja, na ukipanda kupita hezi 3,400 hivi alama inageuka: sauti inayotoka kwenye mashine itaonekana inaingia. Kwa hiyo zunguka mara mbili, cha 50 kwa chini na cha 12 kwa juu. Ukiwa na wakati wa mzunguko mmoja tu, pima nusu ya jedwali vizuri na uache nusu nyingine.

Nne, pima ukimya kabla ya kupima sauti

Muuza tende sokoni akiwa mwaminifu, hutazama mizani ikiwa tupu kabla ya kuweka tende. Fanya hivyo hivyo. Kuna kikopo maalumu ambacho maikrofoni zote mbili huingizwa, na sauti moja hutolewa ndani yake ili zote ziipate kwa nguvu ile ile na kwa wakati ule ule. Ndani ya kikopo hakuna nishati inayosafiri kutoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo intensiti inapaswa kuwa sifuri. Haitakuwa sifuri. Kitu utakachokiona ni uongo wa kifaa chako, kimesimama mbele yako kimevuliwa nguo.

Andika tofauti kati ya kiwango cha shinikizo na kiwango cha hiyo intensiti ya uongo, kwa kila kanda ya masafa. Tuite pengo la kifaa. Kwa hezi 63, jozi ya digrii 0.05 yenye kitenganishi cha milimita 50 inakupa pengo la desibeli 18. Jozi hiyo hiyo kwa milimita 12 inakupa 12. Jozi iliyochoka ya digrii 0.3 kwa milimita 12 inakupa 4 tu.

Kiwango cha kimataifa ISO 9614, ambacho sehemu zake zilitoka mwaka 1993, 1996 na 2002, kinakutaka utoe 10 kwenye pengo hilo kama kazi ni ya kihandisi, au 7 kama ni ya uchunguzi wa haraka. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kutumia. Fanya hesabu mwenyewe: 18 toa 10 inabaki 8, 12 toa 10 inabaki 2, na 4 toa 10, ndugu yangu, funga sanduku. Hizo 10 hazikutolewa hewani. Ukizihifadhi, kosa la fezi litabaki karibu nusu desibeli; ukihifadhi 7 tu, litafika karibu desibeli moja.

Na ukague kikopo Bidbid kwenyewe, sio ofisini Maskati asubuhi chini ya kiyoyozi. Kiangazi joto la kule linapita nyuzi 40. Acha sanduku kivulini lizoee hewa ya pale kwanza. Maikrofoni iliyotoka kwenye baridi ikakutana na hewa yenye unyevunyevu inaweza kufanya umande, na umande ukiingia kwenye kile kitundu nilichokutajia, jozi yako imebadilika tangu ulipoikagua.

Tano, kisome chumba

Hapa ndipo mambo yanakolea, kwa hiyo tulia.

Mahali nako kuna pengo lake, yaani tofauti kati ya shinikizo na intensiti pale unapopima. Ukiwa nje, karibu na mashine, pengo ni dogo kwa sababu karibu sauti yote inakwenda upande mmoja. Ukiwa ndani ya chumba cha saruji tupu, sauti inagonga kuta na kurudi. Shinikizo linapanda, lakini mtiririko unakwenda na kurudi na kufutana. Pengo la mahali linakua. Likizidi kile kilichobaki katika hesabu yako ya hatua ya nne, kanda hiyo imekushinda.

Chukua mfano. Kwenye hezi 63 shinikizo ni desibeli 92, na intensiti ya kweli ni 87. Pengo ni 5 tu, chumba hakionekani kibaya. Lakini fezi ya kweli kati ya maikrofoni za milimita 12 sasa imeshuka kutoka 0.79 hadi digrii 0.25, na maikrofoni zako zinakosea kwa 0.3. Kosa ni kubwa kuliko kitu chenyewe! Likiegemea upande mmoja, skrini itakuonyesha desibeli 90.4, zaidi ya 3 juu ya ukweli. Likiegemea upande wa pili, itaonyesha karibu 80 yenye alama ya kutoa: jenereta ya dizeli, inayotetemesha mlango mbele ya macho yako, imeandikwa kwamba inameza sauti. Badilisha kitenganishi kiwe cha 50 na maikrofoni zile zile mbovu, na kosa linashuka hadi kati ya desibeli 1.1 juu na 1.5 chini. Weka na jozi nzuri, linabaki 0.2.

Ukitaka kupunguza pengo la mahali, hatua za mkato zipo na zote ni halali. Sogea karibu na mashine. Fungua mlango. Tundika mazulia, magodoro, mablanketi, chochote kinene kilichopo, kwenye ukuta ulio mkabala nawe. Usiyategemee sana kwa sauti nzito, maana godoro halimezi wimbi lenye urefu wa mita tano. Lakini mlango wazi na kusogea vinasaidia kweli.

Kisha kuna barabara. Bidbid imekaa pale ambapo njia kuu ya Maskati kwenda Nizwa inaachana na njia ya Ibra na Sur, ndani ya bonde lenye milima ya mawe meusi pande zote. Malori hayakatiki. Vitabu vitakufariji kwamba kelele ya nje si kitu: ukiizunguka mashine yote kwa kipimio, sauti inayoingia upande mmoja inatoka upande mwingine na kujifuta yenyewe. Ni kweli, na ndiyo sifa kubwa ya njia hii. Ila kosa la fezi halifuati mtiririko. Linafuata shinikizo lote, la jenereta pamoja na la malori, na halijifuti unapozunguka. Kila lori linalonguruma kupanda kuelekea Sumail linaongeza shinikizo, na kosa lako linakua nalo, bila jenereta kuongeza chochote. Tena hiyo kanuni ya kujifuta inadai kelele ya nje iwe imetulia, na lori linalopita halijatulia hata kidogo. Subiri lipite. Ikibidi, pima usiku.

Sita, geuza mkono

Sasa njia ya mkato niliyokuahidi, na hii naipenda kuliko zote.

Shika kipimio mahali pamoja, soma intensiti. Kigeuze digrii 180 katikati ikiwa pale pale, soma tena. Nambari zinapaswa kuwa sawa kwa ukubwa na kinyume kwa alama. Sauti imekubali kugeuka kwa sababu umegeuka wewe. Kosa la fezi halijui kwamba umegeuka, linabaki na alama yake ile ile. ISO inataka nambari hizo mbili zisitofautiane kwa zaidi ya desibeli 1.5. Zikitofautiana, umelikamata kosa bila maabara, ukiwa umesimama kwenye vumbi.

Na unaweza kwenda mbali zaidi. Zitoe nambari kwenye desibeli kwanza, kisha toa usomaji wa pili kwenye wa kwanza pamoja na alama zao, gawa kwa mbili, na kosa linaondoka kwenye hesabu. Chung alifanya jambo la ukoo huo mwaka 1978 kwa kubadilishana njia za maikrofoni mbili na kuchanganya matokeo. Ni ujanja safi, mtu yeyote mwenye subira anaweza kuufanya, na sielewi kwa nini wengi wanaubeba kichwani bila kuutumia. Masharti yake: mashine iende kwa mwendo ule ule, mkono usihame, malori yasipite katikati ya somo la kwanza na la pili.

Saba, uongo unaokujia

Tuzungumze kama watu wazima. Utashawishika kufanya moja kati ya mambo matatu, na kila moja nitakwambia linavyokamatwa.

Utashawishika kufuta alama ya kutoa na kuandika 80 kana kwamba ni 80. Mkaguzi yeyote akijumlisha nguvu ya kanda zako na kulinganisha na shinikizo uliloandika ukurasa wa pili, ataona shimo.

Utashawishika kunakili pengo la kifaa kutoka cheti cha mwaka jana badala ya kukagua kikopo. Tarehe itakusaliti.

Utashawishika kutoa jumla tu, kwa kipimo cha A, kile kinachopunguza sauti nzito ili kuiga sikio, bila jedwali la kanda. Huu ndio uongo mtamu kuliko wote, kwa sababu kipimo cha A kinapunguza hezi 63 kwa desibeli 26, na makosa yako yote mazito yanazama humo. Jumla itakuwa karibu na ukweli. Hakuna atakayekukamata kwa nambari.

Lakini jirani atakuwa bado hajalala. Umeme wa Oman ni wa hezi 50, na jenereta nyingi za ukubwa huo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne hulipuka mara 50 kwa sekunde. Ya silinda sita, mara 75. Zote mbili zinaangukia ndani ya kanda ya hezi 63, ile ile ambayo kifaa chako kinadanganya zaidi, ile ile ambayo ukuta wa tofali na dirisha la alumini vinaizuia kwa shida zaidi. Nenda kaongee na bibi wa nyumba ya pili. Msalimie, kaa, kunywa kahawa, kula tende. Atakwambia: “Mwanangu, mimi makelele siyasikii. Nasikia kitanda.” Anakuelezea hezi 50 au 75, na hajawahi kuona skrini yako. Uamuzi wa waziri namba 79/94, unaosimamia kelele za mazingira nchini Oman, unatenganisha mchana, jioni na usiku kwa sababu yake yeye. Ukiifunika ile kanda kwa kipimo cha A, umemfunika yeye. Hilo nalichukia, na sitakufundisha namna ya kulifanya vizuri.

Nane, andika kushindwa kwako

Chora jedwali la kanda zote. Kwa kila kanda weka mistari mitatu: intensiti, pengo la kifaa, pengo la mahali. Palipotimia, andika nambari kwa nukta moja, si mbili. Pasipotimia, usiache tupu na usibahatishe; andika “haikufikia sharti, pengo la mahali limezidi kwa desibeli 3”, au kiasi chochote ulichokipata. Mstari huo unaonyesha kwamba ulikagua, na mwenzako atakayekuja mwakani atajua aje na jozi gani.

Mwenye mashine atauliza: “Muhandisi, mbona hapa hakuna nambari?” Usijing'ate. Mwambie: “Chumba chako kinarudisha sauti kuliko kifaa hiki kinavyoweza kuvumilia. Nikirudi na jozi bora na mlango ukiwa wazi, nitaijaza. Kwa leo, shinikizo la hezi 63 chumbani kwa jirani nimelipima kwa maikrofoni moja, nalo hili hapa.” Maana hilo unaweza kulipima: shinikizo halihitaji fezi, na maikrofoni moja nzuri haina wa kugombana naye. Ukilichukua hilo kabla ya kuondoka, umeondoka na kitu cha kumsaidia bibi hata kama kanda ya mashine imekushinda.

Mwisho wa ripoti andika nambari za maikrofoni zote mbili, kitenganishi ulichotumia kwa kila kanda, joto la hewa ulipokagua kikopo, saa uliyogeuza mkono na nambari mbili ulizozipata. Weka saini yako chini yake, si chini ya jumla.